Dawa Iliyosogeza Saa

Mwanzoni miguu yangu ilikuwa na ratiba: saa nne usiku, nikishalala tu. Si maumivu hasa. Ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa, na hawatulii mpaka uinuke utembee. Nimezunguka nyumba yetu hapa Voi usiku kucha, treni za mizigo zikipita, mpaka Mama akauliza kama nimerogwa.

Hospitalini nikaambiwa ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Nikapewa pramipeksoli, dawa ambayo pia hupewa wagonjwa wa Parkinson. Kidonge kidogo, kazi kubwa! Wiki ile nililala mpaka jua likanikuta kitandani.

"Mama, nimepona."

"Tushukuru Mungu, mwanangu. Lakini usitangaze bado."

Mwaka haukuisha. Siafu wakaanza kuja saa mbili usiku, kisha jioni, kisha saa tisa mchana nikiwa kazini, wateja wamepanga foleni. Dozi ikaongezwa. Wakatulia miezi miwili, wakarudi, safari hii wamepanda hadi mikononi. Nikienda Wundanyi kwa matatu, hatujafika hata Mwatate nishaomba dereva asimame. Abiria wanadhani nataka kutapika. Nitawaelezaje ati miguu inataka kutembea?

Ofisini nikaanza kuonekana mvivu, mtu asiyekaa kwenye kiti chake. Hapo ndipo niliogopa. Usiku nilikuwa nimeuzoea, lakini mchana ndio unaolipa kodi ya nyumba.

Daktari mwingine hakuanza na vipimo. Aliuliza, "Kabla ya dawa, ilikuwa inaanza saa ngapi?" Nilipomjibu, akaweka kalamu chini. Kumbe dawa ndiyo iliyokuwa ikisukuma ugonjwa mbele. Dawa hizi huiga dopamini ya ubongo, na kwa baadhi yetu, zikitumika muda mrefu, dalili huanza mapema, huwa kali, huenea. Ukiongeza dozi unapata nafuu ya muda, halafu moto unazidi. Jambo hili lilielezwa mwaka 1996 kwa wagonjwa wa levodopa. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa 2025 hauzipendekezi tena kama tiba ya kawaida. Unataka chuma mwilini kipimwe, na unapendekeza dawa kama gabapentini.

Changu kilipopimwa kilikuwa chini. Nikaanza kutibiwa chuma huku pramipeksoli ikipunguzwa polepole, maana kuikata ghafla ni hatari. Wiki hizo sitaki kuzikumbuka. Mama alikuwa akiamka tunatembea pamoja uani, khanga mabegani, bila kusema neno.

Sijapona. Lakini sasa mchana ni wangu, naweza kuketi.

Kama unameza dawa hizi, usizitupe. Chukua daftari, andika dalili zinaanza saa ngapi. Saa ikianza kurudi nyuma, mpelekee daktari daftari hilo kabla hajaandika dozi nyingine.