Kusoma Uongozi Turkana

Kitale tuliondoka alfajiri tumevaa masweta. Matatu ikapita Kapenguria, ikaukata msitu wa Kamatira, na ilipoanza kuteremka Marich kila abiria akawa anavua kitu. Kufika Kainuk nimebaki na shati tu, na upepo wa dirishani unanipiga usoni kama vile nimefunua tanuri la mikate. Sisi watu wa Mombasa tunajisifia joto. Letu lina jasho, na jasho lina nafuu yake. Hili la Turkana linakukausha kabla hujalowa.

Nilikuja kuangalia jambo moja: watu wazima wenye kazi na familia wanavyosomea shahada za uongozi na usimamizi huku, mbali kabisa na vyuo vikuu nilivyozoea mimi. Lodwar ndiko serikali ya kikoloni ilikomleta Jomo Kenyatta mwaka 1959 alipotoka gereza la Lokitaung, ili asifikiwe na mtu. Leo nimeshuka stendi, na kabla sijautua mkoba simu inaita: mwenyeji wangu anauliza kama nimeshakula.

Nililala Nawoitorong, nyumba ya wageni iliyo nje kidogo ya mji, iliyojengwa na wanawake na kuendeshwa kwa faida yao. Jina nililisikia njiani nikawazia hoteli ya ghorofa. Nilikuta mabanda, miti yenye kivuli cha maana, na ukumbi wa mikutano. Nikisubiri ufunguo, niliona kinamama kadhaa wameketi chini ya mti wakijadili jambo kwa Kiturkana. Sikuelewa neno, lakini utaratibu niliuelewa: mmoja husema mpaka amalize, wengine kimya, na bibi mwenye shanga nyingi shingoni akaachiwa kusema mwisho. Kwetu kikao kama hicho kingeshakuwa na watatu wanaozungumza pamoja na wa nne anayetafuta chaji.

"Hilo ndilo somo ninalolipia karo," akasema naibu chifu mmoja tuliyekaa naye meza moja. Yeye anasomea shahada huku akiendelea na kazi. Mwenzake, mwalimu wa shule ya msingi, anasoma kwa mtindo ambao walimu wengi wa Kenya wanaujua: likizo ya Aprili, Agosti na Desemba, shule ikifungwa kwa watoto, inafunguka kwa mwalimu. Nikamwuliza naibu chifu, kama kinamama wale wanalijua somo, yeye anatafuta nini chuoni? Akacheka. Kuongoza watu, alisema, amefundishwa na baba yake kwenye malisho. Kinachomshinda ni bajeti, ripoti, na barua ya kaunti inayotaka jibu kabla ya Ijumaa. Nilipenda uwazi wake. Nimesoma matangazo mengi ya vyuo yanayoahidi kumgeuza mtu kiongozi, na sijaona hata moja linaloahidi kumfundisha kuandika ripoti ikaeleweka.

Asubuhi nikapanda gari la Probox kwenda Kakuma, kama kilomita 120. Tulibanana watu, kuku na gunia la unga. Pande zote mbili ni vichaka vya mathenge, mbuzi, na hapa na pale mzee amekaa juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho usiku hugeuka mto wa kulalia. Nilikitamani safari nzima.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma nilikuwa nimeipiga picha akilini: mahema. Ilianza mwaka 1992, wavulana waliokimbia vita Sudan walipofika hapa kwa miguu, na sasa pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa mwaka 2016, ina watu zaidi ya laki mbili. Nimekuta mitaa, mabati, kahawa ya Kihabeshi, na sambusa za Kisomali ambazo Majengo kwetu Mombasa wangezionea wivu.

Hapa ndipo niliposhangaa hasa. Mkimbizi hatoki Kakuma kwenda Nairobi bila kibali, basi vyuo vikaja kwake. Mwaka 2010 Regis University ya Denver, ikishirikiana na Wajesuti, ilianza kufundisha stashahada kambini kwa njia ya intaneti. Southern New Hampshire University, chuo cha Marekani kilichoanza kufundisha Rwanda mwaka 2013, nayo ikaingia, na mtindo wake ndio ulionichanganya: hakuna mihadhara, hakuna mtihani wa mwisho wa muhula. Mwanafunzi anapewa mradi, kwa mfano kuandika mpango wa kumaliza mgogoro kazini. Akiuweza anasonga mbele. Asipouweza anarudishiwa na maelezo, anaurekebisha, anautuma tena. Mimi niliyesoma kwa kuogopa tarehe za mitihani niliuliza mara mbili kama kweli hakuna anayefukuzwa.

"Niko nasoma busiku," alinieleza mwanafunzi mmoja wa Bukavu, Kongo, kwa Kiswahili kilichonifurahisha masikio. "Mucana niko kwa shule, nafundisha batoto." Mchana anafundisha, jioni anasubiri maji bombani, usiku anafungua kompyuta ikiwa betri ya sola haijaisha. Hapo nikaona ule unyumbufu wa ratiba, ambao kwingine hutangazwa kama starehe ya mwenye ofisi, hapa unapimwa kwa betri na ndoo.

Mradi aliokuwa nao wiki hiyo ulihusu foleni ya bomba hilohilo. Alinionyesha kwenye skrini: kurasa tatu, mchoro wa vituo vya maji, orodha ya nani analalamika na kwa nini. Kila mara alipoutuma, msahihishaji alimwuliza swali moja: gharama ziko wapi? Nikamkumbuka naibu chifu.

Nikamwuliza shahada itamletea nini. Kwa kazi yake ya ualimu hulipwa insentivu, posho ya mkimbizi, iliyo chini sana ya mshahara wa Mkenya anayefundisha darasa la jirani, na cheti hakitaondoa tofauti hiyo kesho. Hakubishana nami.

"Ndugu, kamati ya maji iko na uchaguzi," akasema, akiteremsha ukurasa kutafuta mahali pa kuweka gharama. "Miye nagombea."