Yaya Analipa Ili Alale Kambini

Picha ilifika Jumapili, tumetoka kusali. Yaya amesimama pembeni ya kitu cha rangi ya fedha chenye magurudumu mawili tu, mbele mviringo, nyuma kimeshuka kama mgongo wa kobe. Paa lake linamfika begani. Chini ya picha ameandika: "Nimenunua. Ijumaa naenda kupiga kambi."

Mama alichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akairudisha mbali. Halafu akasema neno ambalo vijana wangu wa senta bado wanalirudia kila wakitaka kunichokoza: "Huyu mutoto alitoka mu kambi, akavuka bahari, sasa analipa franga ili alale tena mu kambi?"

Wote walicheka. Mimi sikucheka, na nitasema kwa nini.

Tuko Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Mimi nimezaliwa hapa. Yaya alizaliwa ng'ambo, upande wa Fizi, akavushwa ziwa akiwa na miaka sita. Alipopata safari ya Marekani aliondoka na begi moja la kilo 23 na ule mfuko mweupe wa plastiki wa kubebea hati, akaahidi mambo mengi kama wanavyoahidi wote. Sasa anaishi Elkhart, jimbo la Indiana, mji ambao Wamarekani wanauita mji mkuu wa dunia wa nyumba za magurudumu. Yaani nyumba kamili zenye kitanda, jiko, choo na bafu, unaifunga nyuma ya gari unakwenda nayo, au nyumba yenyewe ina injini na usukani wake. Yaya anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha huko. Yeye na wenzake wanafunga makabati na ule ukuta unaosukumwa na mota: ukifika unakokwenda unabonyeza kitufe, sebule inatoka nje na kupanuka. Aliwahi kunitumia video. Kulikuwa na kochi, televisheni na kitu kama jiko la kuni, kumbe ni la umeme, moto wa picha tu.

Kwa hiyo mtu anayetengeneza hizo nyumba kutwa nzima alichagua kununua nini? Sanduku. Dola 2,400 kwa mzee mmoja aliyestaafu pale kazini, ambaye alilitengeneza mwenyewe kwa mbao na alumini. Na wiki hiyo hiyo mdogo wetu wa kike, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, alikuwa anangoja pesa ya kujiandikisha Exetat. Turubai la upande wa jikoni lilikuwa limechanika tangu masika. Nilipiga hesabu ile 2,400 mara tatu kwa shilingi, na kila mara niliipiga kwa hasira zaidi.

Nikamwandikia: "Umenunua sanduku. Sisi tunakaa ndani ya sanduku bure."

Alikaa kimya wiki mbili.

Kisha zikaja sauti kumi na moja za WhatsApp, moja nyuma ya nyingine. Alianza kwa upole, "Mudogo yangu, sikiliza kwanza." Nilizisikiliza usiku, na nyingine nilizirudia, maana mtu akikasirika husikia nusu. Bando la wiki niliimaliza kutafuta mwenyewe kama anayosema ni kweli.

Hayo matela madogo kwa Kiingereza yanaitwa kwa jina la tone la chozi. Mama alishangaa kitu cha starehe kuitwa chozi, lakini jina linatokana na umbo lake tu: ukilitazama kwa ubavu ni tone linaloanguka limelazwa chini. Yalianza Marekani miaka ya 1930, wakati maisha yalikuwa magumu na watu wanajitengenezea vitu nyuma ya nyumba. Miaka ile umbo la tone lilikuwa mtindo hata wa magari, kwa sababu linapasua upepo. Mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated likachapisha ramani na vipimo, kila mwenye msumeno akaweza kujaribu. Baadaye zikaja barabara pana na injini zenye nguvu, watu wakataka kikubwa zaidi, halafu kikubwa kuliko hicho. Machozi yakasahaulika. Yalirudi miaka ya 1990, watu walipoanza kupeana ramani zile kwa intaneti.

Sababu ya kwanza ya Yaya ilikuwa gari lake. Ana gari dogo la zamani la silinda nne. Machozi mengi hayafiki tani moja, gari kama hilo linalivuta bila kulia. Nyumba kubwa ya kuvutwa inataka pikapu kubwa, kwa hiyo anayenunua nyumba ananunua na gari. Zile zenye injini, zikiwa mpya na za daraja la juu, zinapita dola laki moja, na lita moja ya mafuta inazipeleka kilometa tatu au nne tu. "Mimi ndiye ninazifunga makabati," alisema, "na siwezi kununua hata moja. Hata bosi wangu analipa deni ya ile yake mpaka leo."

Sababu ya pili ilikuwa matengenezo, na hapa sauti yake ilichangamka, ni fundi akisimulia. Nyumba kubwa ina mabomba, pampu, tangi la maji safi, tangi la maji ya kuoshea na tangi la choo. Yale ya choo lazima ukayamwage mahali maalumu, na wewe ndiye unashika mpira. Baridi ya Indiana ikija, usipoondoa maji yote mabomba yanaganda na kupasuka. Paa likivuja, mbao za ndani zinaoza kabla hujajua. Chozi lake halina bomba hata moja. Ndani ni godoro na taa. Nyuma unainua mlango kama buti ya gari, ndiyo jikoni: rafu, jiko la gesi la sahani mbili, dumu la maji. Basi. Kikiharibika kitu anakitengeneza kwa bisibisi.

Kuhusu mahali pa kulilaza alisema kwa ufupi. Linaingia kwenye banda la gari. Na kambi nyingi za zamani ndani ya hifadhi zao zilipimwa wakati magari yalikuwa mafupi, kwa hiyo mwenye nyumba ya futi 40 anazunguka akitafuta pa kuingia na mwenye chozi ameshapika.

Kwa haki alitaja na ubaya wake. Huwezi kusimama ndani, suruali unaivaa umelala. Mvua ikinyesha unapika na mwavuli. Choo ni kutembea usiku na tochi. Mtu mwenye watoto watatu asijaribu. Yaya bado hajaoa, jambo ambalo mama ana maneno yake na sitayaandika hapa.

Nilielewa yote hayo. Hasira haikuisha.

Jumanne iliyofuata nilikuwa na kipindi na vijana, na sikuwa nimeandaa kitu. Nikasema leo tunapima. Plaiwudi moja ni futi nne kwa futi nane, fundi yeyote wa hapa anajua, na sakafu ya chozi la kawaida ni karibu plaiwudi moja hiyo. Tukapiga vigingi vinne uwanjani, tukazungusha kamba. Vijana wawili wakalala ndani, wakaenea. Wa tatu akajaribu, akafukuzwa kwa miguu. Kisha tukapima ile kubwa, futi 40 kwa nane. Kamba ilivuka mstari wa voliboli na kuendelea, ikabidi tuunge nyingine. Mvulana mmoja alihesabu hatua, akasema, "Nyumba yetu inaingia humu na inabaki nafasi ya kuku." Nilikwenda kupima ya kwetu jioni. Hata ya kwetu, ya watu sita, ingeingia.

Tukafanya mdahalo: ungepewa, ungechagua ipi? Wavulana karibu wote walisema kubwa, na sababu yao ilikuwa nzuri: ungeweka familia nzima. Hakuna kijana wa hapa anayewaza safari ya mtu mmoja au wawili. Msichana mmoja anayesoma ushonaji akasimama, akasema: "Mwenye kubwa akifika huko porini anajifungia ndani anaangalia televisheni. Sasa si angebaki kwao? Mwenye ndogo hana ujanja, lazima akae nje na watu. Kama sisi."

Watu walipiga makofi. Kweli sisi nyumba zetu ni za kulala. Tunapika nje, tunasukana nje, tunagombana nje, na mgeni anakaribishwa kwenye kiti kilichoko nje. Nilifurahi, nikataka kufunga kipindi hapo, maana ilikuwa maneno mazuri ya kumalizia.

Lakini kijana mmoja wa nyuma, ambaye huwa haongei, alisema bila kusimama: "Ndogo ni tamu kwa sababu Jumatatu wanarudi nyumbani."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwingine akaongeza kwamba wanaondoka bila kibali. Sisi tukitaka kufika Kasulu mjini lazima kibali, na mtu wa chozi anaamka tu asubuhi, anafunga tela nyuma ya gari, anakwenda. Nilisema tutaendelea wiki ijayo. Hatukuendelea. Tulikunja kamba.

Nimefikiri sana juu ya hao wawili, msichana na yule wa nyuma, na siwezi kumkosoa hata mmoja. Wale wazee wa Indiana wanaojitengenezea machozi, naamini wanajua kitu ambacho mwenye sebule ya mota amekisahau. Ukipunguza nyumba mpaka ikabaki kitanda, nje panakuwa sebule yako. Lakini wameipunguza wenyewe, kwa msumeno wao, na nyumba nyingine imebaki inawangoja. Ya kwetu ilipimwa na mtu mwingine. Hata mlango wa sentimita 80 ulipimwa na mtu mwingine. Nadhani ndiyo maana sikucheka siku ile ya picha. Niliona kaka yangu anacheza mchezo ambao kwetu ni maisha.

Nilimwambia hivyo kwa simu, si kwa maandishi. Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Mimi sijui kulala mu nyumba kubwa. Ile apatimenti, usiku nasikia friji, nasikia watu wa juu. Humu nasikia mvua." Akasema tena kwamba mara ya kwanza alipofunga mlango wa lile tela, ni yeye aliyekuwa na ufunguo na ni yeye aliyeamua kesho aondoke au abaki. Alisema hakuwahi kuwa na kitu kidogo ambacho ni chake. Vidogo vyote vilikuwa vya kupewa.

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza habari ya Exetat. Akatuma nusu. Nusu nyingine nilikopa kwa mwenzangu wa senta, bado ananidai, na Yaya anajua maana nimemwandikia tena. Turubai bado.

Juzi alipiga video akiwa huko kambini kwake, karibu na mchanga wa Ziwa Michigan, ndani ya hifadhi ya Indiana Dunes. Ni safari ya saa moja na kidogo kwa gari kutoka Elkhart. Mlango wa nyuma ulikuwa umeinuliwa, sufuria ya bugali jikoni, na wazungu wawili wazee wamesimama wanachungulia. Alisema kila akifika lazima watu waje kuchungulia, wanauliza lina uzito gani, nani alilitengeneza, wanaonja chakula. Hawa wawili walikuwa wa nyumba kubwa ya jirani. Walikuwa wameleta viti vyao.

Mama akamwambia awasalimie. Akawasalimia. Mama akamwambia apunguze moto, bugali inaungua, akapunguza. Halafu mama akasema, "Geuza simu, nione maji."

Yaya akatembea mpaka ukingoni, akageuza simu. Maji yalikuwa mengi, hayana mwisho, na mbali upande mmoja vilionekana vitu vyembamba vimesimama. Akasema ni maghorofa ya Chicago.

"Ni ya chumvi?" mama akauliza.

"Hapana mama, ni maji baridi. Kama ya kwetu."

Mama alitazama muda mrefu. Bando ilikuwa inaisha, simu ilishaanza kukatakata.

"Ya kwetu ng'ambo ina milima," akasema. "Geuza upande ule mwingine, labda iko."