Love Canal: Mtaa uliojengwa juu ya sumu

MSOMAJI mpendwa, siku utakapobahatika kufika Marekani na kupelekwa kuyatazama maporomoko ya Niagara, mpakani mwa nchi hiyo na Kanada, usiridhike na kupigwa picha ukiwa umelowa manyunyu kisha ukarudi hotelini. Mwombe mwenyeji wako akuzungushe kwa gari hadi mtaa wa LaSalle, ndani ya mji uo huo wa Niagara Falls. Huko hakuna tiketi wala duka la zawadi. Lakini lipo jambo ambalo sisi Wakenya, hasa watu wa Mombasa, yafaa tulione.

Utakachokuta ni uwanja mpana wa nyasi, umezungushiwa ua wa nyaya. Tazama vizuri nawe utaona visima vyembamba vimechomoza hapa na pale. Visima hivi si vya maji ya kunywa. Ni vya kuchotea maji ya kupimwa, ili ijulikane kama sumu iliyo chini imeanza kutembea. Jirani utaona barabara za lami ambazo kandokando yake hakuna nyumba hata moja.

Hapa ndipo Love Canal. Usidanganywe na jina ukadhani ni mahali pa wapendanao. William T. Love alikuwa mfanyabiashara ambaye katika miaka ya 1890 alianza kuchimba mfereji wa kuzalisha umeme kwa maji ya mto Niagara. Fedha zilimwishia akiwa amechimba karibu kilomita moja tu, na shimo likabaki wazi.

Mwaka wa 1942 kampuni ya kemikali ya Hooker ilianza kulijaza shimo hilo taka zake. Hadi kufikia 1953 ilikuwa imetupa humo takriban tani 20,000. Kisha ikalifukia na kuiuzia bodi ya shule ya mji huo kwa dola moja, huku ikitaja kemikali hizo katika hati ya mauzo na kujivua lawama. Shule ya msingi ikajengwa papo hapo, na nyumba za wafanyakazi zikaizunguka.

Jamani, udongo si sanduku la chuma. Mvua kubwa na theluji za miaka ya 1970 zilipoloweka ardhi, maji ya chini yalipanda yakiwa yamebeba sumu. Uchafu mweusi ukavuja katika vyumba vya chini vya nyumba, na mapipa yaliyooza yakaibuka juu ya ardhi. Mama mmoja kijana, Lois Gibbs, ambaye mwanawe alianza kuugua baada ya kuingia shule hiyo, akapita mlango kwa mlango akiwakusanya majirani.

Mnamo Agosti 2, 1978, serikali ya jimbo la New York ilitangaza hali ya hatari na kuwashauri kina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka miwili wahame. Siku tano baadaye Rais Jimmy Carter akatangaza hali ya hatari ya kitaifa. Mwaka wa 1980 alitangaza mara ya pili, na hatimaye familia zipatazo 950 zikahamishwa.

Sasa msomaji, jiulize: nani alipe? Kampuni ilisema ilikwisha kuonya, na bodi ya shule ndiyo iliyopokea ardhi. Lau watu wa Love Canal wangengoja ubishi huo uishe, wangengoja sana, kwa maana ni mwaka wa 1995 ambapo kampuni iliyoinunua Hooker ilikubali kuilipa serikali kuu dola milioni 129. Hiyo ni miaka 17 tangu hali ya hatari itangazwe!

Serikali haikungoja. Fedha za umma zilitoa watu, zikaanza kazi, na deni likafuatiliwa baadaye. Desemba 11, 1980, Carter alitia sahihi sheria iliyoanzisha mfuko maalumu wa kusafisha maeneo ya aina hiyo nchini kote. Fedha zake nyingi zilitokana na kodi ya mafuta na kemikali. Serikali husafisha kwanza, kisha humsaka mchafuzi alipe. Mfuko huo nao umepitia misukosuko, kwani kodi hiyo ilikoma mwishoni mwa 1995 na ikarudishwa kwa sheria za 2021 na 2022.

Wala usidhani kusafisha ni kama kufagia ua. Taka za Love Canal bado ziko pale pale. Zimefunikwa kwa udongo wa mfinyanzi na plastiki, na kuzungushiwa mitaro inayonasa maji machafu ili yasafishwe. Mwaka wa 2004 eneo hilo liliondolewa katika orodha ya maeneo hatari zaidi, lakini ulinzi na upimaji haukukoma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Turudi nyumbani. Pale Owino Uhuru, Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilimwaga sumu ya risasi tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Huko nako aliyepiga kelele ni mama, Phyllis Omido, baada ya mwanawe kupatikana na risasi mwilini. Mwaka wa 2020 mahakama mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni na kuagiza ardhi isafishwe kwa miezi minne. Miezi minne ikapita. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tangu kiwanda kufungwa hadi uamuzi huo ni miaka 10, na mtoto aliyekuwa akitambaa mchangani sasa yuko shuleni.

Lois Gibbs alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka wa 1990. Omido alipata tuzo iyo hiyo mwaka wa 2015. Kina mama hawa wawili walifanya kazi moja. Tofauti ni kwamba kule mama alipopiga kelele, palipatikana mfuko wa kuanzia kazi kesi zikiendelea. Hapa kwetu, udongo umengoja majaji.

Kwa hiyo ukifika Niagara, tazama maporomoko, lakini usiupite ule ua wa nyaya. Kisha urudipo, muulize mbunge wako: mfuko wetu uko wapi?