Bando, LUKU na Makarasha

Orodha za miji inayowafaa watu wa kazi za mtandaoni huwa na majina yale yale. Kwa upande wetu utakuta Nairobi, kwa kuwa Kenya ilitangaza kibali maalumu cha watu hao mwaka 2024, na Zanzibar, ambayo tangu 2022 inawavuta wenye kampuni za teknolojia wahamie Fumba. Sijawahi kuona mtu akiuliza kuhusu Kahama. Mimi ninatafsiri nyaraka na kuandika yale maandishi yanayopita chini ya filamu, kwa wateja walioko Ulaya na Marekani. Ninaishi Mwanza, na kodi ya Mwanza imenichosha. Nikaona nizunguke mwenyewe: Shinyanga, Kahama, Geita, kisha nirudi kwa kuvuka ziwa. Kazi nilienda nayo. Mji unaujua vizuri ukiwa na faili linalotakiwa kabla ya saa kumi jioni.

Basi lilipita Misungwi, likashusha abiria Maganzo, jirani na Mwadui ambako Mkanada John Williamson alianzisha mgodi wa almasi mwaka 1940, na kabla jua halijawa kali nilikuwa Shinyanga mjini. Ni mji uliotulia, labda kupita kiasi. Intaneti ya simu haikunisumbua. Maji yalitoka bombani kila nilipofungua, na hilo si dogo kwa nchi kavu kama ile. Yanavutwa kutoka Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Ihelele, umbali mrefu kuja huku. Walioishi Shinyanga ya zamani, ya foleni za ndoo, watakwambia tofauti yake.

Shida ni usiku. Mteja wangu wa Marekani anaamka wakati sisi tunaandaa chakula cha jioni, kwa hiyo kazi yake ninaimaliza saa nane usiku. Nilipotoka nje ya gesti saa hiyo kutafuta chochote cha kutafuna, nilikutana na mlinzi peke yake. Akanimulika tochi usoni, akaniuliza kama ninaumwa. Kwa mtu wa kuandika vitabu, Shinyanga ni pepo. Kwa anayefuata saa za watu wa mbali, njaa itamkimbiza.

Tinde tulikata kulia, tukapita Isaka yenye malori yake ya Rwanda na Kongo, tukaingia Kahama. Hapa ndipo nilipokaa zaidi ya nilivyopanga. Kahama ilipandishwa kuwa manispaa mwaka 2021, mwaka ule ule mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulipofungwa, na wengi walitarajia mji ungesinyaa. Haukusinyaa. Mchele upo, biashara ya njia kuu ipo, mgodi wa Bulyanhulu bado unachimba, na eneo la Buzwagi lenyewe limetengwa kuwa ukanda maalumu wa uchumi. Chipsi mayai zinapatikana saa nane usiku, zikiwa za moto, kwa kuwa kuna dereva wa lori au mtu wa zamu anayezitaka.

Lakini kilichonishika Kahama ni mafundi. Chaja ya kompyuta yangu ilikatika waya pale inapoingia kwenye kichwa, na chaja za aina ile haziuzwi kila duka. Mwenye steshenari nilikokuwa nimejibanza akaniambia, "Kaka, mpelekee yule anayesuka mota za karasha, pale nyuma." Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilimkuta amezungukwa na vikopo vya mafuta na nyaya za shaba. Alimenya waya wa chaja kwa meno, akazitenganisha nyuzi za ndani na zile za nje kwa ukucha, akachomelea kwa lehemu, akapima kwa mita, akavisha mpira. Akauliza kazi yangu. Nikamweleza.

"Kwa hiyo analipa Mzungu ambaye hujawahi kumwona?"

"Ndiyo."

"Basi wewe na sisi wamoja. Bei ya dhahabu nayo inapangwa huko huko."

Alichukua elfu tatu. Orodha za miji hazina alama ya fundi wa namna hii, na kwangu ndiye aliyekuwa na thamani kuliko maduka yote ya kahawa. Mahali ambapo pampu ikizima duara la wachimbaji linajaa maji, watu wamezoea kutosubiri: jenereta, betri na vifaa vya sola viko karibu kila uchochoro, na wanaojua kuvitengeneza wapo.

Kutoka Kahama kwenda Kakola, njiani kuelekea Geita, kulikuwa na vumbi, na mtandao ulikuja na kuondoka kama mgambo wa soko. Nisiseme mengi, nililala sehemu kubwa ya njia.

Geita ina fedha na inajua kuwa ina fedha. Soko la dhahabu la pale, la kwanza nchini, lilifunguliwa Machi 2019, na mnunuzi pale haachi simu: anaangalia soko la dunia, anaangalia bei elekezi ya Tume ya Madini, anampigia mtu wake, ndipo anataja bei ya gramu. Mtandao ukizima kwa saa moja, yeye ataumia kuliko mimi. Umeme wa gridi umeimarika tangu njia ya kilovoti 220 ilipoletwa kutoka Bulyanhulu. Kinachonitoa Geita ni kodi, kwa kuwa wenye nyumba wamezoea wapangaji wa mgodini, na makarasha. Nilifungua kikao cha video mahali palipoonekana pametulia; dakika chache baadaye mteja wa Berlin akauliza kama kuna mvua ya mawe.

Yapo mambo ambayo hakuna mji wenye dawa yake. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, ziwani na pwani tuliumia pamoja. Intaneti ilipozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, mwenye rauta ya gharama na mwenye bando la jero walikuwa sawa. Mteja wa ng'ambo haelewi maelezo ya namna hiyo mara ya pili.

Nilirudi Mwanza kwa Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu ambazo zamani zilikuwa foleni ya kivuko. Nikiwa juu yake dalali wa Kahama akapiga: chumba na sebule kimepatikana, kodi ya miezi sita mbele. Nikamuuliza karasha la karibu liko wapi. Mbali, akasema. Na LUKU ya umeme?

"LUKU ni ya kuchangia, bosi. Mko wapangaji wanne."

Nikamwambia atafute kingine.