Dakika Sita za Baba

Nalipwa kuandika sauti za watu. Mteja wa Marekani ananitumia mahojiano, mimi naandika kila neno, na mtu akikohoa naandika kwamba amekohoa. Ndiyo kazi iliyonipokea nilipoacha chuo mwaka wa tatu. Kwa hiyo nikisema nina rekodi ya baba ya dakika 6 na nimeiandika yote, usinione mwendawazimu. Ni mazoea tu.

Ilikuwa Aprili 2021. Tarehe 26 Machi Rais alikuwa amefunga kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Mimi niko Kayole, baba yuko Kitale, Korona imemkalia kifuani. Hospitali ya kwanza haikuwa na kitanda. Ya pili ilikuwa nacho, lakini ilitaka pesa kwanza, na kwetu kitu pekee chenye bei hiyo ni shamba.

Akanipigia usiku, mama na baba mdogo wameketi naye. Simu yangu ilikuwa inarekodi kila kitu kwa sababu ya wateja wanaoahidi kulipa kisha wanakana.

Alisema mambo matatu. Azikwe hapo Kitale, kwenye shamba alilonunua mwenyewe, si Vihiga kwa babu. Shamba ligawanywe sawa kwa watoto wote wanne, "hata huyu aliyeacha shule, nisisikie mmemwadhibu kwa niaba yangu." Na akizidiwa, asipelekwe kwa mashine. "Msiuze shamba ndiyo nife polepole."

Nikasema, "Sawa, Baba."

Hapo nimesikiliza mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Kati ya "polepole" yake na "sawa" yangu haipiti hata sekunde moja. Mtu mwingine angelia kwanza, angembishia. Mimi nilijibu kama niliyeulizwa kama naongezewa chai.

Baba hakufa. Wiki tatu za mtungi wa oksijeni wa kukodi sebuleni, mama akimgeuza kitandani kama chapati, na akapona. Tarehe 1 Mei barabara zikafunguliwa. Nilipofika alikuwa kwa kiti nje, amekonda, analalamika juu ya bei ya mbolea. Ile simu haikutajwa na yeyote.

Ndipo nikaanza kusoma sheria usiku, kati ya kazi na kazi. Sheria ya Urithi ya Kenya inakubali wosia wa mdomo: useme mbele ya mashahidi wawili au zaidi, kisha ufe ndani ya miezi mitatu. Ukiipitisha hiyo miezi, maneno yako hayana nguvu tena. (Mwanajeshi aliye vitani anaongezewa muda. Mwalimu mstaafu wa Kitale, hapana.) Kwa hiyo kufikia Agosti, baba akizungukazunguka kwenye mahindi yake, alichosema kilikuwa kimepita tarehe kama maziwa ya pakiti.

Kwa upande wa mali si neno. Asipoacha wosia, sheria inamwachia mama atumie mali maisha yake, kisha watoto sawa kwa sawa, msichana kwa mvulana. Fungu langu ningelipata hata baba akinyamaza. Lakini sikutaka la sheria. Nilitaka lile alilosema yeye.

Kaburi ndilo linalonitia wasiwasi. Ukisoma mambo haya Kenya lazima ukutane na S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Ngong. Ukoo ukasema Nyalgunga, Siaya. Kesi ikavuta miezi mitano, maiti iko mochari, na ukoo ukashinda. Na huyo alikuwa wakili! Sasa mwalimu wangu na rekodi ya simu watafika wapi mbele ya wazee wa Vihiga?

Nilijaribu kumweleza. Kila nikitaja wosia ananiuliza kama nina haraka.

Krismasi iliyopita tukiwa tunapukuchua mahindi, akauliza bila kuniangalia, "Ile simu, bado unayo?"

"Ipo."

Akaisikiliza akiwa ameiweka sikioni, kana kwamba kuna mtu amempigia. Ilipofika ile "sawa" nikajua, kwa sababu aliacha kutafuna.

"Ulikubali haraka."

Nilitaka kuomba msamaha. Akaendelea na gunzi lake. "Mama yako angebisha. Ndiyo maana nilikupigia wewe."

Basi nikachukua daftari. Ya shamba tuliandika, ya kaburi tukaandika kwa herufi kubwa. Ya mashine nilimweleza haiingii humo, kwa sababu wosia huanza kazi ukishakufa, na mashine ni mambo ya mtu aliye hai. Hiyo itafutiwe karatasi yake.

"Ya nini karatasi?" akasema. "Hiyo nimeshakuachia wewe."

Wosia uko kwenye droo, bado haujatiwa sahihi. Unahitaji mashahidi wawili, na nikasema wasiwe sisi tunaorithi. Jirani wa kwanza amekataliwa kwa sababu mdomo wake ni redio. Wa pili, baba anasema, ana deni lake la debe mbili za mahindi, alipe kwanza.