Kutoka Kyondo Hadi Chumvi ya Katwe: Jinsi Ardhi Inavyosomwa

Msafiri atokaye mjini Kasese kwenda Bwera na mpakani Mpondwe huwa na Milima ya Rwenzori mkono wa kulia, na uwanda wa Ziwa Edward mkono wa kushoto. Kyondo iko upande wa milima, katika nchi ya Wakonzo, ambako kahawa na migomba hupandwa miteremkoni. Kwa mwanafunzi wa elimu ya miamba hapana darasa lililo bora kuliko hilo, kwani hatua chache za kuteremka humtoa katika miamba ya kale mno na kumfikisha kwenye udongo uliowekwa na mto mwaka jana tu.

Vifaa vyake si vingi: nyundo, dira, kioo cha kukuzia, daftari na ramani. Kila jiwe lijitokezalo hutazamwa, huvunjwa, na huandikwa mahali pake. Matabaka yakiwa yameinama, hupimwa yameinamia upande gani na kwa nyuzi ngapi. Tone la asidi juu ya jiwe likitoa povu, hapo pana chokaa. Kazi hii huchosha miguu, na anayeifanya akiwa ndani ya gari hachori ramani, anachora barabara.

Wengi hudhani Rwenzori ni volkano kama Kilimanjaro. Sivyo. Ni pande la miamba ya kale lililoinuliwa hadi mita 5,109, huku Bonde la Ufa likididimia kando yake. Kile ambacho mvua hukikwangua juu, mito kama Nyamugasani hukishusha bondeni: kwanza mawe makubwa, kisha changarawe, mchanga, na mwisho tope laini ziwani. Hayo ndiyo mashapo. Kaskazini zaidi, katika bonde hilohilo, E. J. Wayland, mkuu wa upimaji wa miamba wa Uganda, aliandika juu ya mafuta mwaka 1925. Lakini mafuta ya kutosha biashara yalithibitishwa mwaka 2006 tu.

Mali ya mashapo iliyo karibu na Kyondo ni chumvi ya Katwe. Ziwa hilo dogo limo ndani ya shimo la volkano na halina mto utokao. Chemchemi huleta maji yenye chumvi, jua huyakausha, na chumvi hubaki. Wanaume huingia majini na kung'oa chumvi ya mawe chini ya ziwa. Wanawake wengi hufanya kazi kwenye vidimbwi vya kando. Mvua ikizidi, chumvi huyeyuka na kipato hupotea. Thamani yake ilijulikana zamani: mwaka 1891 Lugard aliiteka Katwe na kujenga ngome hapo, kwani aliyeishika chumvi alishika biashara ya nchi nzima. Kiwanda cha kisasa kilichojengwa huko baadaye hakikudumu, kwa kuwa maji yale makali yaliyala mabomba yake.

Ramani ya miamba haionyeshi mali peke yake. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la ardhi liliua zaidi ya watu 100 kando ya milima hii. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika, ukaporomosha mawe makubwa na kuharibu hospitali ya Kilembe. Mawe ya namna hiyo hayakuwa mageni bondeni: chini ya udongo yamo mengine yaliyoletwa na mafuriko ya kale, na mwanafunzi ajuaye kazi yake huyatambua ukingoni, palipokatwa na maji. Huyafuata, huchora mpaka wake kwa penseli, kisha huhesabu nyumba zilizojengwa ndani ya mpaka huo. Huwa nyingi, kwa sababu hapo ndipo palipo tambarare na karibu na maji.