Mnunuzi Mwenye Haba

Mtu mwenye fedha nyingi akikosea katika ununuzi hupoteza fedha. Mwenye fedha haba akikosea hupoteza pamoja nazo siku alizotaabika kuzikusanya. Kwa hiyo, msomaji wangu, usidhani kwamba kuchagua ni shughuli ya matajiri. Mwenye haba ndiye apaswaye kuchagua kwa makini zaidi. Nitakuonyesha jambo hili kwa chombo kidogo ambacho vijana wengi wa Nairobi hukitamani: kadi ya michoro, yaani kipande cha kompyuta kinachochora picha za michezo juu ya kioo.

Katika Kibera na Kawangware michezo ya video si jambo geni. Viko vibanda ambamo vijana hulipa shilingi chache wakashindana kwa kandanda ya kiooni. Kijana atakaye mtambo wake mwenyewe hununua kompyuta iliyokwisha tumika ofisini, kwa kuwa bei yake hufikika. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko: kompyuta ya namna hiyo huwa ingali na nguvu, mara nyingi kinachopungua ni kadi tu.

Niliwafundisha vijana wawili, mmoja wa Makina katika Kibera, mwingine wa Kawangware. Walipomaliza shule kila mmoja aliweka akiba ya shilingi 8,000, huyu kwa kubeba mizigo katika soko la Toi, yule kwa kuosha magari. Kijana wa Makina alikusudia kuiweka kompyuta katika chumba cha mbele cha mama yake, watoto wa mtaa walipe na kucheza, na faida isaidie karo ya dada yake. Nia yake ilikuwa njema, lakini dukani aliuliza jina la kadi na bei yake, basi. Alipewa kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti. Kumbe ilikuwa kadi kuukuu zaidi, iliyoandikwa upya ndani yake ili ijitangaze kwa jina lisilo lake. Aliporudi kudai haki yake, muuzaji alimkana. Karo ya muhula ule ililipwa kwa mkopo wa chama cha mama yake.

Kijana wa Kawangware alianza kwa kuifungua kompyuta yake kabla hajaenda dukani. Alisoma kibandiko cha kisanduku kinachogawa umeme, akaona wati 240 kwa mtambo mzima. Alijua kwamba tundu la kadi lenyewe hutoa wati zisizozidi 75. Hivyo aliiacha RX 580 ya mwaka 2017, ingawa ina nguvu nyingi, kwa sababu hula wati zipatazo 185 na hudai waya wake wa umeme. Kisha alipima upana wa kasha, akaona ni jembamba, lisiloweza kupokea ila kadi fupi. Mwisho alijiuliza atacheza nini. Achezaye kandanda ya miaka iliyopita hana haja ya kadi ya mtu anayefukuzia michezo ya mwaka huu.

Vipimo hivyo vitatu vilimpeleka kwenye GTX 1050 Ti fupi, kadi iliyotoka mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, isiyohitaji waya wa ziada. Hakulipa papo hapo. Aliomba itiwe katika kompyuta, akaikagua kwa programu ya bure iitwayo GPU-Z, kisha akaiendesha kwa nusu saa, akitazama kama mistari itatokea kiooni au feni itakwama.

Tahadhari ya namna hii ina sababu. Mpaka Septemba 2022, watu wengi duniani walizitumia kadi usiku na mchana kuchimba sarafu ya Ethereum. Uchimbaji huo ulipokoma, kadi nyingi zilizochoka ziliingia katika masoko ya mitumba. Tena jina peke yake halitoshi hata pasipo udanganyifu. GT 1030 iliuzwa kwa namna mbili zenye jina moja, moja ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, nyingine ya DDR4, na hii ya pili ni nzito zaidi katika michezo.

Wengine watasema kwamba haya yote ni upuuzi, kwa kuwa mchezo haumfai maskini. Sikubaliani nao. Kijana aliyefanya kazi wiki nzima anastahili saa yake ya furaha, na jasho lake halina thamani ndogo kwa sababu limenunua mchezo. Ila furaha hiyo ina adui, naye ni haraka. Kwa hiyo soma kibandiko, pima kasha, taja mchezo utakaoucheza, na fedha zako zisitoke mfukoni kabla kadi haijafanya kazi mbele ya macho yako. Muuzaji akikataa ijaribiwe, mwage na uondoke. 8,000 zako zitakuwa zingali zako.